Kutu ya Friji la Famau

Famau wa kisiwa cha Chovae alikuwa fundi wa vyombo vya bahari, na hakuwahi kukubali kwamba chombo kimekufa. Ubao ukioza aliupara hadi mti mzima uonekane, akaziba tundu, chombo kikarudi majini. Kanuni hiyo ilimlisha miaka thelathini. Mwaka 1984 ilikaribia kumuua mkewe.

Mkewe, Mwanasiti, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Chupa zake za insulini zililetwa kutoka Kismayu kila baada ya miezi mitatu, nazo zilihifadhiwa katika friji kuukuu la mafuta ya taa lililosimama ukumbini. Kisiwani hapakuwa na jingine.

Lilipoacha kupoza mara ya kwanza, Abdulqadir, fundi wa mafriji mjini Kismayu, aliagiza lipinduliwe kichwa chini kwa siku nzima, kisha lisimamishwe na kuwashwa. Likapoza. Mara ya pili likapoza nusu.

"Ya tatu usinitumie salamu," Abdulqadir alimwambia. "Lizike, utafute jingine."

Zubeiri, binamu yake Mwanasiti mwenye duka Kismayu, akajitolea kuwapa lake. Famau alikataa. Kitu kilichopona mara mbili, alisema, kitapona ya tatu.

"Shemeji, wewe mchu gani?" alimcheka Barke, dada yake Mwanasiti. "Hilo ni friji au nanga? Kutu yake yaweza kukizamisha kisiwa."

"Jahazi la marehemu baba limebadilishwa mbao zote, na hadi leo ni lile lile."

"Jahazi la babako halikubeba uhai wa dada yangu."

Mwezi wa Machi friji lilikataa kabisa. Barke asema ilikuwa Jumanne. Ummi, binti wa Famau, ashikilia Alhamisi. Juu ya kilichofuata hawatofautiani. Famau alilipindua, akangoja, akaliwasha. Chupa zikabaki vuguvugu. Alipoligeuza mgongo aliona bomba limeliwa na kutu, naye akaitazama kutu ile kama alivyozoea kutazama uozo wa ubao. Akachukua patasi, akaanza kupara, akitafuta mti mzima. Ndani ya bomba hamna mti. Ukatoka mlio kama wa nyoka, kisha harufu ya kuchoma macho, kali kuliko mkojo wa punda, na nyumba nzima ikakimbilia uani.

"Umeliua, Baba Ummi," Mwanasiti alisema huku akikohoa.

"Nilitaka kuliziba."

"Najua."

Chupa zilitiwa katika mtungi uliofukiwa mchangani, na mchanga ukaloweshwa asubuhi na jioni. Siku ya nne Mwanasiti alichomwa sindano na kiu haikutulia. Ya tano alikunywa ndoo nzima ya maji, ulimi ukabaki mkavu. Ya sita hakuweza kusimama. Famau alikuwa amekwisha kumtumia Zubeiri salamu, naye akajibu kwamba friji lile alikwisha kuwapa jamaa wa Kudhaa.

Walimpakia mgonjwa katika mashua ya injini, Ummi akiupakata mtungi. Pwani palikuwa na chombo cha watu ambacho Famau alikuwa akikiunda, kimebakiza mbao nne kikamilike. Hakukitazama.

Hospitalini Kismayu muuguzi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Chembe nyeupe zilikuwa zimeganda ubavuni.

"Mmekuwa mkimchoma maji," alisema, akaitupa.

Siku mbili Mwanasiti hakumtambua mtu. Ya tatu alifumbua macho, akaomba uji. Muuguzi alipoleta chupa mpya, aliuliza, "Nyumbani mtaiweka wapi?"

Famau alitazama mikono yake.

"Weka hapa hapa," alisema. "Sisi tutakaa hapa."

Walipanga chumba nyuma ya hospitali. Famau akawa mchukuzi wa magunia bandarini. Mwenye chombo alimngoja hadi mvua zilipokwisha, kisha akamwita fundi mwingine kuzigonga zile mbao nne.