Pasi ya Maman Isimbi na Mita ya Familia Tano

Kengele ya misa ya kwanza haijalia bado, na Mukabera Patricie ameshalowesha kidole kwa ulimi na kukigusisha kwenye tumbo la pasi. Pasi inatoa sauti fupi, tss, kama mlezi wa bweni aliyekuta chapati chini ya mto wa mwanafunzi. Mukabera anaridhika. Anatandaza koti jeupe la muuguzi juu ya meza iliyofunikwa blanketi, anavuta mkono wake mpaka unyooke, kisha anashuka nao polepole kuanzia begani.

Nje, mtaa wa Gihundwe, wilayani Rusizi, ng'ambo tu ya mto kutoka Bukavu, unaamka kwa miguu na kwa pikipiki. Wauguzi wanaotoka zamu wanapishana na wanaoingia. Hapa, kati ya hospitali na shule, ndipo penye riziki ya mtu anayenyoosha nguo, kwa kuwa hakuna mteja anayepanda kilima kufuata pasi.

Dirishani kinatokea kichwa, kisha mkono wenye shati, kisha mkono wa pili wenye kopo la makaa.

"Maman Isimbi, jambo. Nimeleta shemizi na makaa yake."

"Makaa chini, shemizi juu," Mukabera anajibu bila kuinua macho. "Jana ulichanganya, ikabidi nifue kwanza."

Mwenye kichwa hicho ni Christophe-Aimé, deklaran wa mpakani, yaani mmoja wa wale wanaowaandikia wafanyabiashara karatasi za forodha. Ni kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na heshima zake. Kumwona akibeba makaa kila asubuhi kama mpishi wa harusi kunahitaji maelezo, na maelezo yenyewe yanaanzia kwenye mita.

Uani kwa Mukabera kuna familia tano na mita moja ya umeme wa kulipia kabla, ile ambayo Rwanda nzima huiita kashpawa. Familia hununua umeme kwa zamu. Aliye zamuni huitwa Waziri wa Nishati. Waziri hutoa faranga elfu tano, huingiza namba mbele ya mashahidi, na umeme ukiisha uwaziri huhamia mlango unaofuata bila uchaguzi.

Ni katiba nzuri, ila ina tundu moja. Hakuna anayechemsha maji, anayechaji simu wala anayekumbuka nguo zenye mikunjo kama mtu ambaye zamu si yake.

Tena bei imepanda, na inapanda kwa ngazi. Umeme wa mwanzo wa mwezi ni wa nafuu, lakini kadiri mita inavyotumika ndivyo kila kipimo kinavyozidi kuwa ghali. Familia tano maskini zikinyonya mita moja, mita hudhani inahudumia tajiri mmoja, na huwatoza hivyo.

Elfu tano zilizokuwa zikivuka Jumapili mbili zikawa hazifiki Jumapili moja. Mawaziri wakaanza kujiuzulu. Ndipo uani wakamtafuta mchawi, na mchawi hakuwa mbali: alikuwa chumba cha mbele, ana waya na plagi, na hutoa mvuke.

Mukabera ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, akajifunza kunyoosha nguo kwa mama yake aliyekuwa akiwafanyia kazi watawa wa huko. "Mama alisema, kola njo uso ya shemizi," anakumbuka, njo ikiwa ndiyo ya Bukavu. "Muntu anaweza kuwa na njaa, lakini kola isionyeshe."

Alirudi Rwanda akiwa mke wa mtu, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja, Isimbi, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari katika shule ya bweni. Ada ya shule hiyo inatoka kwenye ncha ya pasi. Nguo moja ni faranga mia mbili. Siku nzuri humpa elfu sita, na siku ya mvua humpa muda wa kusali.

Kwa hiyo siku mwenye nyumba, mzee Hategekimana, alipofika kutoka Nyakabuye kukusanya kodi na kukuta familia zote zimesimama karibu na bomba la maji, Mukabera alijua kuna kesi, na mshtakiwa ni nani. Mwendesha mashtaka alikuwa Christophe-Aimé, ndani ya shati lililonyooka kama tangazo.

"Mzee, ile pasi inakula kuran, umeme ya bantu bote," alisema. "Inaanza asubuhi, inamaliza mangaribi. Sisi tunanunua, yeye anapata faranga."

"Na mashine yako ya muziki inakulaka nini? Majani?" Mukabera aliuliza.

"Muziki haichome moto, Maman."

Mzee Hategekimana ni mtu wa maneno machache, na kila moja hulitoa kana kwamba analikopesha. Alivua kofia, akaitazama mita, akaivaa tena. "Pasi itoke," alisema, "ama Maman atoke. Nitarudi mwisho wa mwezi."

Mukabera hakulia, wala hakumpigia magoti mtu. Aliingia ndani, akachomoa pasi mbele ya macho yote, akaiviringa kwenye taulo kama mtoto mchanga na kumkabidhi jirani yake Nabintu, mwanamke wa Bukavu anayevuka mpaka kila siku na nyanya na kurudi na vitenge. Nabintu aliilaza chini ya kitanda chake.

Kisha Mukabera akatoa kabatini pasi ya mkaa ya marehemu mama yake, nzito kama dhambi ya mtu mwingine.

"Mwezi muzima nitatumikisha hii," aliwaambia. "Kuran ikiisha mbio vile vile, mutaniomba samahani mbele ya Mzee."

Ulikuwa mwezi wa mateso. Pasi ya mkaa ilimvimbisha kifundo cha mkono, moshi ulimtoa machozi ambayo kesi haikuyatoa, na gunia la makaa nalo lilikuwa limepanda bei. Nguo nyeusi zilitoka salama. Nguo nyeupe zilikuwa vita. Siku moja cheche ilirukia koti la muuguzi Vanessa na kutoboa tundu kifuani, dogo kama punje ya mtama, lakini kwenye koti jeupe punje ya mtama ni mlima.

Mukabera alikata kipande cha shuka, akashona mfuko juu ya tundu, akaupeleka msiba wake hospitalini kwa mikono miwili.

"Nilimwambia ukweli," anasema. "Nilisema, Vanessa, nimeichoma. Kama unataka mupya, nitanunua, lakini unipe wakati."

Vanessa aliutazama ule mfuko wa tatu, akaingiza kipimajoto. "Kumbe kilikuwa kinakosaka nyumba," alisema, akaenda wodini. Bado ni mteja.

Adui wa pili alikuwa mtandao. Wateja wa Mukabera humtumia maagizo kwa sauti za WhatsApp, na kwa muda mrefu alitumia Wi-Fi ya Christophe-Aimé, ambayo uani huichangia kila mwezi na kila mwezi mchango unanenepa. Wiki ya kwanza ya kesi, nywila ilibadilishwa kimyakimya. Mukabera akalazimika kununua vifurushi vyake mwenyewe.

Akasahau kilema cha simu za Rusizi. Simu ikiwekwa dirisha la upande wa mto, hushika mtandao wa ng'ambo, hujiona imeshafika Bukavu, na hutoza nauli ya safari hiyo. Kifurushi cha wiki kiliisha akiwa anamsikiliza mteja mmoja akieleza, kwa kirefu na kwa mashairi, namna ya kukunja suruali ya mumewe.

"Niliweka simu mu sufuria, upande wa kiwanja ya ndege," anasema. "Huko inakumbukaka kama iko Rwanda."

Hata hivyo si yeye peke yake aliyeteseka. Makaa yalikuwa yake, na yalikuwa machache, hivyo aliyatumia kwa nguo za wateja tu. Na hapo uani kote ikaonekana mikunjo ambayo haijawahi kuonekana. Kwa miaka mitano, kila jirani aliyepita dirishani alikuwa akiacha kitu kimoja tu, shati moja tu, sketi moja tu ya mtoto, "Maman, nipigishie mara moja," na kulipa kwa asante. Sasa watoto walienda misani wamekunjamana kama barua zilizosomwa mara nyingi.

Aliyeumia zaidi ni mwendesha mashtaka. Christophe-Aimé alijaribu kulaza mashati chini ya godoro, akalala juu yake kwa nidhamu, chali, bila kugeuka. Mashati yaliamka na ramani. Mpakani, bosi wake alimvuta pembeni akampa pole, akidhani amefiwa.

Mwisho wa mwezi mzee Hategekimana alirudi. Watu walisimama tena karibu na bomba, na safari hii hapakuwa na haja ya mashahidi, kwa kuwa mita yenyewe ilishasema. Elfu tano za waziri wa mwisho zilikuwa zimevuka Jumapili mbili na bado zilikuwa zinatembea.

Pasi ilikuwa na hatia.

Mukabera angeweza kusema mvua ilikuwa nyingi mwezi ule, au kwamba mitambo ya muziki ilipumzika. Hakusema. Alitoka mbele kabla mtu hajafungua mdomo, na ile samahani aliyokuwa ameiagiza kwa wengine akaitoa yeye.

"Pasi njo ilikuwa inakula," alisema. "Nilikatala, kumbe ni kweli. Munisamehe. Mzee, nitatafuta nyumba ingine."

Hakuna aliyeshangilia. Hata Christophe-Aimé, aliyeshinda kesi, alitazama viatu vyake. Ni Nabintu aliyejitokeza, akiwa bado na kapu la nyanya kichwani.

"Ilikuwa inakula, sawa," alisema. "Lakini ilikuwa inakulia nani? Kila Jumamosi nilikuwa namuletea manguo ya batoto bane. Nusu ya ile meza ilikuwa yetu. Tulikuwa tunalipa nini? Asante. Asante inaingiaka mu mita?"

Mzee Hategekimana aligeuka taratibu na kuwakagua wapangaji wake, mmoja mmoja, kuanzia kola mpaka pindo. Alisimama mbele ya Christophe-Aimé.

"Hii shemizi ulilala nayo?"

"Juu yake, Mzee."

Ua wote ulicheka, na aliyecheka mwisho kabisa alikuwa Christophe-Aimé mwenyewe, maana hakuwa na njia nyingine ya kutokea.

Katika kicheko hicho Mukabera aliweka pendekezo lake. Kwenye mzunguko wa mita yeye atashika zamu mbili, wengine moja moja. Umeme utanyoosha nguo nyeupe za wateja tu, tena asubuhi. Zilizobaki ni za mkaa. Na nguo ya jirani ataipokea kama zamani, bila malipo, ila ije na kopo lake la makaa.

Mzee aliafiki, na akaongeza sharti lake: hayo ni ya muda, mpaka Mukabera aombe mita yake mwenyewe. Kibali cha mwenye nyumba atakitoa, waya atalipa yeye Mukabera. Hakuna aliyepiga kura, lakini jioni hiyo nywila ya Wi-Fi ilirudi kuwa ile ya zamani.

"Ule Maman ni muntu wa haki," anasema Christophe-Aimé leo, akisubiri shati lake. "Mimi nilimushitaki, na ananinyoshea bure."

"Si bure," Mukabera anamkatiza kutoka ndani. "Hii makaa ulileta ni vumbi tupu. Kesho ulete ya kweli."

Uwaziri wake wa mara mbili unamgharimu. Akishatoa umeme, makaa na kodi, mwezi humwachia kama faranga elfu sitini, na shule ya Isimbi huzisubiri mlangoni. Bado huweka kidogo kidogo kwa ajili ya mita. Fundi ameshakuja, amepima umbali kutoka nguzoni hadi ukutani mwake, na kumwambia si mbali. Ukuta wenyewe Mukabera ameshaupaka chokaa mahali pamoja tu, mraba mdogo mweupe karibu na mlango, panaposubiri mita.

Mita hiyo itawanufaisha na wengine, anaeleza, kwa sababu nguo za wateja zikihama, familia zilizobaki hazitapandishwa haraka kwenye ngazi za bei. Nabintu ameshauliza kama anaweza kuhamia upande huo na friji ambayo hajainunua. Ameambiwa anunue kwanza friji.

Isimbi akimaliza mitihani, mama yake anataka awe amerudi kwenye chumba chenye mita yake. Hajali sana kama umeme utakuwemo kila siku. Anaulizwa atafanya nini fedha zikikosekana, naye anaweka pasi wima, anapuliza kola ya koti na kulitundika.

"Nitakaa mu giza," anasema. "Lakini itakuwa giza yangu mwenyewe. Hakuna muntu atakuja kuniuliza nani aliileta."