Ndunge Alipoweka Sikio Mtoni

Wifi yangu Ndunge hajui kubembeleza mtu. Tangu niolewe kwao hapa Tseikuru nimemsikia akifokea mbuzi, madiwani na hata mwalimu wa kwaya, na wote wanatii. Alipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji ndipo tulipoisha kabisa.

Maji yetu yako chini ya mchanga. Mto unakauka kabisa, lakini tulijenga ukuta wa saruji kuukatiza, mchanga ukajaa nyuma yake, na humo ndimo maji yanajificha. Ukichimba, unayapata. Sasa wezi wa mchanga nao wakapajua. Wanakuja na lori gizani, wanapakia, wanaenda kuuzia wajenzi, na sisi tunabaki kuchimba shimo refu zaidi. Ndunge aliwavizia vichakani na fimbo mpaka akashikwa na homa ya mapafu. Alipopona, aliuza mbuzi akanunua kamera ya sola, ile inayotumia laini ya simu.

Abdiwahid, mwenye duka la simu pale sokoni, ndiye aliyekuja kuifunga kwenye bomba la chuma juu ya mwamba, kando ya ukuta. Alimwonyesha kwamba kitu kikisogea mbele ya kamera, simu yake italia popote alipo. Basi simu ikalia. Punda akitikisa sikio, inalia. Nyasi zikipepea, inalia. Tulikuwa kanisani inalia, mchungaji akanyamaza kutuangalia. Ndunge akakaa nayo chini, akachora kwa kidole kwenye kioo mpaka wa mahali pa kuangaliwa, akaacha nje vichaka na kubakiza mchanga na njia ya lori. Halafu akaipunguza makali kidogo kidogo, mpaka ikaacha kujali ndege.

Ubishi ulikuwa juu ya sauti, kwa sababu kamera hiyo pia husikiliza.

"Mama, hiyo ya sauti zima tu," Abdiwahid alimwambia. "Hapa kuna punda, kuna upepo, kuna akina mama wanacheka. Itakuchosha."

"Mwizi anazima taa," Ndunge akamjibu. "Sepetu hawezi kuizima."

Na nani akatumwa kuwa mwizi wa majaribio? Mimi hapa. Jua la mchana, nachota mchanga nikimwaga, na mwenyekiti ameketi kwake kivulini na simu yake. Nikidhani tumemaliza, sauti inatoka kule juu ya bomba, maana kitu hicho kina spika pia: "Rudi nyuma. Chota polepole, kama mtu anayejificha." Nikarudi nyuma. Akaongeza makali. Nikarudi tena mpaka kwenye kona ya mto, nikimsema moyoni maneno ambayo siwezi kuyarudia. Hakuridhika hadi sepetu ya huko konani ikaliza simu. Kelele za punda akakubali kuishi nazo.

Wezi walikuja mara moja tu. Sauti ikawauliza kutoka juu wanatafuta nini, wakakimbia wakaacha hata sepetu zao. Lakini sisi ndio tuliumia. Kucheka, kusengenya, kufua karibu na shimo, yote yanamfikia. "Mutindi, toa hizo nguo hapo." "Syokau, huyo punda amekosea nini?" Mwishowe tukazoea. Akifoka, tunainama tunaendelea na kazi, kama vile redio inaongea.

Mwaka jana mvua za vuli zilianzia milimani, kwetu bado kulikuwa kukavu. Ndunge akasafiri hadi Emali, kule ng'ambo nyingine ya Ukambani kwenye barabara ya Mombasa, kumwona binti yake Yvonne aliyekuwa amejifungua. Sitadanganya, tulipumua.

Asubuhi hiyo nilikuwa chini kabisa ya shimo. Lilikuwa limenipita urefu, naona kipande cha mbingu tu, buluu, bila wingu. Nachota kwa jagi, nampa Mutindi juu, yeye anajaza mitungi. Punda wamefungwa pembeni. Ndipo spika ikaanza.

"Tokeni mtoni!"

"Hata akiwa Emali hatuachi," Mutindi akasema, akacheka. Mimi nikasubiri maji yajichuje. Ikafoka tena. Nikainama nikachota.

Halafu sauti ikashuka. "Wifi," ikasema. "Mwongeli, nakuomba. Mto unakuja. Nakuomba utoke."

Nakuomba. Mwili wangu wote ulisisimka. Ndunge hajawahi kuniomba hata chumvi. Nikatupa jagi, nikapanda.

Baadaye alinieleza kwamba simu ilimwonya juu ya sauti, si kitu kinachosogea. Akafungua akitegemea kusikia lori. Akasikia mngurumo usiopanda wala kushuka, na kwenye picha hakuna kitu, ni mchanga na mitungi. Alitaka kuzima. Halafu akawaona punda wetu, wote wameelekeza masikio upande mmoja, juu mtoni, na kamba zimekazika.

Nilipotoka shimoni mimi mwenyewe sikusikia kitu. Nilihisi tu mtetemo kwenye nyayo. Tukafungua punda, tukaacha mitungi, vikapu, simu, kila kitu, tukakimbilia mwambani. Wengine walipanda upande wa pili, kamera inawatazama. Mimi nilipanda nikajibanza chini ya bomba lenyewe.

Kisha ukaja. Nimezaliwa kando ya mito hii na bado sijui niuelezeje. Kwanza harufu ya udongo uliolowa, chini ya jua kali. Halafu konani pakatokea kitu cha kahawia chenye povu, kirefu kunishinda, kimebeba magogo na ua zima la miiba la boma la mtu, kinatembea bila haraka kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Shimo letu likafungwa mara moja. Mahali niliposimama nikichota palikuwa maji matupu. Nilitetemeka, na si kwa woga peke yake. Niliona jinsi nilivyo mdogo, na kwamba mtu aliye mbali sana ameusikia mto huu kabla yangu mimi niliyekuwa ndani yake.

Juu ya kichwa changu Ndunge alikuwa anatuhesabu kwa majina.

"Mutindi nimemwona. Syokau nimemwona. Mwongeli yuko wapi?"

"Niko hapa," nikasema.

"Mwongeli yuko wapi? Nionyesheni Mwongeli."

Nikapiga kelele mpaka koo likauma. Mutindi naye ng'ambo ananionyesha kwa mkono, lakini mto ulikuwa umemeza sauti zote. Gogo likagonga mwamba, bomba likapinda, nikaruka pembeni. Kamera ikaingia majini ikiwa bado inaita jina langu.

Simu zetu zote zilikuwa zimeenda na vikapu. Nilitembea miguu mitupu hadi sokoni, Abdiwahid akaniona nilivyolowa matope, akanipa simu yake bila kuuliza. Yvonne ndiye aliyepokea. Akaniambia mama yake ameketi kitandani tangu asubuhi, hajala, hataki kushika mtoto, anaangalia kioo ambacho hakionyeshi chochote.

"Mpe simu," nikasema.

Nikasikia anapumua.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa chini yako pale pale."

"Sema tena," akaniambia.

"Ni mimi, Mwongeli."

"Sema tena."

Nikasema tena. Nikaendelea kusema mpaka wifi yangu akaanza kulia, na mimi nikalia naye, nimesimama katikati ya wateja wa Abdiwahid.