Libaya imenikamata

Bandugu, niko naandika hii na mukono moya. Ingine imekwama ndani ya libaya, blauzi ya mwanamuke.

Kila siku ya posho, ni kusema Jumamosi, hapa Butembo, tunafundishana kazi mu salle ya mikutano ya mutaa. Posho iliyopita mimi, taximan wa moto (pikipiki), nilifundisha banamama kufungua moteur, injini yake. Leo Mama Kavira anatufundisha kushona.

"Papa, mwili yako ni sawa na ya dada yangu. Vaa libaya yake, nishonee juu yako."

Nikavaa. (Nani alinituma?)

Akashona pembeni zote. Kumaliza, anashika kichwa: "Yesu! Tulisahau fermeture, zipu ya mugongo!"

Mukono moya ikatoka, ingine ikakwama. Nikavuta kwa nguvu. Kitambaa ikalia krrr.

"Acha! Kesho ni ndoa! Badada bote banavaa kikwembe moya, kitenge ya namna moya, na ingine haiko!"

Inje, client wangu wa kwenda Rughenda anapiga klaxon ya moto yangu, pii pii.

"Mama, nifungue basi."

Akaniangalia. "Posho ile, boulon ya moteur iliponishinda kufungua, uliniambia nini mbele ya batu?"

Nilimuambia: hapana mutu atatoka hapa kama hajajua kazi.

Akaniwekea wembe mu mukono. "Basi, Papa. Fungua uzi moya moya."

Chekeni tu. Niko ku uzi ya tatu.