Chumvi ya Kambare

Mjukuu wangu anakoroga chumvi kwenye tangi lake la kioo. Kambare wake ameota madoa meupe, jana mkiani tu, leo mwili mzima. Maji yananuka chumvi na ute wa samaki, na pua yangu mimi haisahau.

Utotoni nami nilikuwa na kambare wangu ndani ya debe. Nilimtoa kwenye kidimbwi cha mwisho mto ukikauka. Akashikwa na madoa hayo hayo, kama amenyunyiziwa unga. Nililia mpaka kamasi. Mama alimwita nyoka wa maji, maana kwetu samaki hakuliwa wala kuguswa. Lakini siku hiyo alivunja bonge la chumvi ya kulambwa na mbuzi, akaitia debeni, akamshika kwa mkono wake mwenyewe huku mwili ukimsisimka.

"Nyamaza basi. Hata nyoka hutibiwa."

Asubuhi debe lilikuwa tupu, limesuguliwa likang'aa.

"Mwaitu, yuko wapi?" nilimuuliza mama.

"Amepona. Amerudi mtoni."

Nilikimbia mtoni. Ulikuwa mchanga mtupu mpaka ng'ambo, punda wamelala katikati. Nilisimama pale, sielewi alipitia wapi.

"Susu, wako alipona?" mjukuu ananiuliza, kijiko mkononi.

"Alipona. Akarudi mtoni. Wewe koroga."