Blanketi Juu ya Sola

Juzi mtaani Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, nilisimama kumtazama fundi akifunga sola kwenye tela dogo lenye kitanda. Mwenye tela anataka kumpeleka mama yake Dodoma akawaone wajukuu. Mama ana kisukari, na vichupa vyake vya insulini, ambavyo nyumbani hukaa kwenye chungu chenye ubaridi, njiani vinahitaji friji ndogo iliyomo telani.

Fundi alikuwa ameifunika paneli kwa blanketi zito ili isitoe umeme kabla hajamaliza. Alichuchumaa mbele ya betri, waya mtupu kila mkono. Mara jua likatoka. Nanyi mnalijua jua letu, huku kwetu kwenye mvua na mawingu: likichungulia tu, kila mtu mbio kuanika. Mama akachomoka jikoni, akakamata pindo la blanketi.

"Jua lote hili mnalifunika?"

"Mama, usiguse!" Fundi akazivuta waya mbali na betri. "Ukifunua sasa, vyombo vyote vinaungua!"

Mama hakuachia pindo. "Basi liambie lisubiri."

Fundi akakaza nati ya kwanza, akafuta jasho, akakaza ya pili. "Haya mama, funua."

Akafunua. Wingu lilikuwa limesharudi.

Hata hivyo friji ikaanza kunguruma kwa umeme wa betri. Mama akaigusa kwa kiganja, akaweka kichupa kimoja. Vingine akavirudisha chunguni.

Wataalamu, msituite wabishi. Watu wa Tukuyu tunaliamini jua, ila kichupa kimoja kimoja.