Wifi Yangu na Radhi ya Ukurasa wa Nyuma

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hajawahi kushindwa maneno. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza umepima na nini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Alianza na herufi za madini ya risasi, akamaliza na kompyuta. Mtaani wanamwita Nukta. Kadi yangu ya harusi, tena nilikuwa naolewa na kaka yake mwenyewe, alinirudishia imejaa kalamu nyekundu. Nikajua hapa nimepatikana.

Tunaishi nyumba moja: mimi, mume wangu, wifi, na mama mkwe mwenye miaka themanini na mmoja. Mama mkwe alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Alipokuwa bibi harusi wa miezi mitatu, Mwalimu wa Utulivu aliletwa mlangoni kwake akiwa hoi kwa homa. Siku hizi picha ya mwalimu yule wa sala za kimya imetundikwa kwenye kuta za watu chungu nzima, lakini wakati ule alikuwa msafiri tu mwenye begi moja. Mama mkwe na marehemu baba mkwe, fundi saa, wakamlaza sebuleni siku nne.

"Na alikuwa anakoroma!" Hapo mama mkwe hucheka mpaka machozi.

Basi mwaka huu jumuiya ya wafuasi wa Mwalimu ikaanza kuandika kitabu cha safari zake za mwanzo. Katibu wa jumuiya, mtu mpole mwenye miwani mizito, alikuwa akizifuata safari hizo kwenye matangazo ya jarida lao la zamani: tarehe, mji, ukumbi. Akasikia habari za mama mkwe, akaja na bahasha yake ya majarida. Mama mkwe akavaa gauni la sherehe, akasimulia yote, na tarehe juu. Aliikumbuka kwa sababu mgonjwa alifika tarehe kumi na mbili, siku moja tu baada ya yeye mama mkwe kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa.

Katibu akapekua, akakohoa kidogo. "Mama, samahani sana. Tarehe kumi na nne Mwalimu alikuwa na mkutano mji wa bandarini, safari ya siku mbili kutoka hapa. Tangazo hili hapa. Labda mlimpokea mtu mwingine."

Wifi akalichukua jarida, akalisoma mara mbili, akanyamaza. Mama mkwe akakusanya vikombe, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hadithi ikafa. Nilimchokoza makusudi: "Mama, hebu tuambie alivyokuwa anakoroma." Akasema, "Aa, maneno ya uzee hayo." Jamani, iliniuma. Mtu amebeba jambo lake zuri miaka sitini, leo linaitwa maneno ya uzee, tena kwa kinywa chake mwenyewe.

Wiki mbili baadaye tukiwa jikoni, wifi akaacha kisu juu ya vitunguu.

"Wifi, sisi wapumbavu!"

"Jisemee mwenyewe. Mimi nakatakata nyanya."

"Ukurasa wa matangazo ndio tuliokuwa tunaupanga kwanza kabisa. Mwezi mzima kabla ya jarida kutoka! Aliyelipanga tangazo lile angejuaje kama kutakuwa na homa? Lile ni la mtu anayekusudia kwenda. Kama alifika au hakufika, halijui!"

Akampigia katibu papo hapo. Katibu akasema anamwelewa, lakini kitabu kinakwenda kuchapwa mwisho wa mwezi na yeye hawezi kuandika kwa kukisia. Kama kuna ushahidi, uletwe. Zilibaki siku kumi na tisa.

Tukahamia maktaba, chumba cha nyuma, majarida yamefungwa kwa kamba na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Mimi nikaanza na kurasa za matangazo ya mikutano, kama mtu yeyote mwenye akili. Wifi akanipiga kikofi mkononi.

"Huko alishapita katibu. Tazama nyuma, chini kabisa, karibu na tangazo la sabuni. Huko ndiko zinakopelekwa radhi kwa wasomaji, mhariri asiaibike. Nimezipeleka mwenyewe mara ngapi!"

Siku nne tulipiga chafya bure. Siku ya tano wifi akapiga ukelele mpaka mkutubi akaja mbio na kidole mdomoni. "Kwanza soma hapa, halafu ndipo uninyamazishe!" wifi akamwambia. Toleo lilikuwa la miezi miwili baada ya lile la katibu, na pembeni mwa tangazo la sabuni ya kufulia kulikuwa na mistari minne:

"Tunawaomba radhi waliomsubiri Mwalimu ukumbini tarehe kumi na nne. Alishikwa na homa njiani, akauguzwa siku nne nyumbani kwa fundi saa na mkewe kijana. Sasa ni mzima."

Tulikumbatiana pale sakafuni, vumbi na yote.

Katibu alikuja kesho yake. Mwungwana akivuliwa nguo huchutama: alivua miwani, akamwomba mama mkwe msamaha, akaahidi kwamba nyumba yetu itaandikwa kitabuni. Alipoondoka, wifi akaketi miguuni pa mama yake, uso unang'aa, akamsomea radhi ile, aliyoinakili kwenye karatasi, neno kwa neno.

"Umesikia, mama? Sasa hakuna wa kukubishia."

Mama mkwe akasema: "Yule katibu hakuniudhi. Hanijui, angeniaminije? Siku ile nilikugeukia wewe, nikangoja useme, 'Ni kweli, mama yangu hasemi uongo.' Wewe ukatazama jarida."

Wifi akafungua mdomo. Halikutoka neno. Mara machozi yakamtiririka, mtu mzima yule, na karatasi bado iko mkononi.

"Nisamehe, mama. Sikuwa na hakika."

"Nimekusamehe," mama mkwe akasema, akimfuta uso kwa kiganja. "Lakini uliniumiza, mwanangu."