Moto wa Kijani Jikoni kwa Mama

Nilichukua konzi ya dawa ya buluu, ile Baba hunyunyizia viazi, nikaitupa motoni jikoni kwa Mama, hatua moja kutoka kwa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulala, kisichofunikwa. Kabla hujanihukumu, jua kwanza nani alinichokoza. Ni anga ya Norwe.

Jamaa mmoja, mtoto wa baba mkubwa, tuko naye kidato cha pili, ila yeye ana kaka anayesoma Norwe. Huyo kaka alimtumia picha: theluji, miti, na juu yake mbingu ya kijani kama majani chai machanga, pindo jekundu. Jamaa akaileta kituo cha kupimia majani, ndani ya plastiki kama kitambulisho cha waziri.

Sasa, kituo ni uwanja wangu. Mimi ndiye huigiza karani wa mizani mpaka akina mama wanaweka vikapu chini kwa kicheko. Siku hiyo niliigiza, nikakohoa, nikaigiza tena. Wapi! Wote walimzunguka yule.

"Jua hulipuka," akawaambia, "likatema chembe ndogo ndogo. Zikifika huku zinagonga hewa ya juu, hewa inawaka. Kijani hiyo ni oksijeni."

Mama akapangusa mikono, akashika picha kwa ncha za vidole. "Na wewe umeelewa haya yote, kijana wangu?"

Kijana wake! Mimi huniuliza tu nitanyamaza lini.

Wiki iliyofuata redio ya Baba ikafa katikati ya taarifa, saa sita mchana. Baba akaipiga kofi. Jamaa, aliyekuja kuazima jembe, akasema kwa upole unaoudhi, "Usiipige, baba mdogo. Labda jua limelipuka. Likilipuka mchana huvuruga ile hewa ya juu inayoturudishia mawimbi." Redio ikafufuka yenyewe baadaye. Baba alimtazama kama amtazamavyo daktari wa ng'ombe.

"Kama jua ni moja," nikamuuliza, "mbona sisi tunapata redio iliyokufa na Norwe wanapata rangi?"

"Dunia ni sumaku. Inazivuta zile chembe kuelekea ncha zake. Sisi tuko katikati."

Ona dharau! Jua linatuchoma utosi mwaka mzima. Nyanya huliamkia alfajiri, akalitemea mate ya baraka. Halafu mapambo yake linawapelekea watu wanaolikosa miezi mizima. Hata jua lina mtoto wake wa kipenzi, na si mimi.

Kisha habari ikaja: kaka anarudi likizo. Kwetu msafiri hupokewa langoni kwa mursik, na hakuna anayempita Mama kwa mursik. Alisugua kibuyu kwa makaa ya mti wake maalum, akajaza maziwa, akayalaza siku nyingi. Siku yenyewe akakifungua aonje, akatoka kwenda kutafuta kifuniko safi. Jamaa akaingia kuchukua kibuyu.

"Karibu," nikasema, nikafunga mlango. Jikoni kwetu hakuna dirisha. Mchana ni giza. "Leo Norwe imekuja kwako." Nikatupa.

Mwalimu wa kemia alisema dawa ile huwaka kijani, na hakudanganya. Ndimi za kijani zikaruka mpaka kwenye masizi ya dari. Kwa muda mfupi ilipendeza, haki.

"Piga picha umtumie kaka!"

"Hiyo si oksijeni," akasema. "Hiyo ni dawa ya viazi." Halafu akanyoosha kidole kwenye kibuyu. Mdomo wa kibuyu ulikuwa na vumbi la buluu.

Mama alirudi, akatazama. Alichimba shimo nyuma ya choo, akamwaga maziwa yote humo mbwa asiyalambe, kisha akakivunja kibuyu juu yake. Kibuyu hicho alipewa na mama yake.

Langoni alimpokea msafiri kwa chupa ya soda. Wanawake wengine walitazama nyasi. Nilikuwa na mzaha kuhusu soda, mzuri kweli. Niliumeza.

Jioni nilimkuta Mama jikoni akikoroga ugali. Nikasimama mlangoni mpaka akanisukumia kigoda kwa mguu.

"Jua linalipuka miaka yote hii na halijawahi kuniharibia maziwa," akasema. "Sasa kaa hapo uniambie kwa nini moto uligeuka kijani. Na usinichekeshe."